Moto wa Nganda: Maarifa na Msamiati wa Upishi wa Motoni katika Eneo la Basoko

1. Utangulizi

Mji wa Basoko umejengwa mahali mto Aruwimi unapoingia katika mto Kongo, takriban kilometa 200 magharibi ya Kisangani, katika mkoa ambao tangu mwaka 2015 unaitwa Tshopo. Maisha ya wenyeji wengi wa eneo hili yamefungamana na mto. Maji yanapopungua na fungu za mchanga kujitokeza, wavuvi huhama vijijini na kupiga kambi visiwani na kandokando ya maji, ambako hukaa kwa majuma au miezi. Kambi hiyo kwa Lingala huitwa nganda. Wasemaji wa Kiswahili wa pwani ya Bahari ya Hindi nao wana neno lao kwa jambo lilo hilo: dago, yaani kambi ya wavuvi waliosafiri mbali na makwao.

Katika nganda hakuna jiko la kudumu. Kuna mchanga, kuni, majani, sufuria moja au mbili, na samaki aliyetoka majini asubuhi ile. Hata hivyo, chakula kinachopikwa hapo husifiwa mpaka mjini, na mikahawa ya Kisangani na Kinshasa huwauzia watu wa mjini chakula kilichobuniwa kwa ajili ya moto wa namna hiyo. Makala haya yanalenga kueleza siri ya upishi huo. Hoja yake kuu ni kwamba utamu wa chakula cha motoni hautokani na wingi wa moto, bali na kukipa kila chakula moto wake: mwale, kaa, jivu au moshi. Aidha, makala yanaonyesha kwamba Kiswahili kina kitenzi mahsusi kwa karibu kila hatua ya kazi hii, na kwamba vitenzi hivyo, vikiwekwa bega kwa bega na nomino za wenyeji wa mto, vinafaa kuhifadhiwa na kufundishwa.

2. Mahali penye mpaka wa lugha

Si ajabu kwamba msamiati wa upishi wa Basoko umechanganyika. Mnamo tarehe 1 Februari 1877, Stanley na wasafiri wenzake, wengi wao wakiwa watu wa Unguja na mrima, walipambana na mitumbwi ya kivita ya wenyeji katika makutano hayo ya mito. Miaka kumi baadaye, mwaka 1887, Tippu Tip alikubali kuwa gavana wa Stanley Falls, yaani eneo la Kisangani ya leo, kwa niaba ya Dola Huru ya Kongo. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1880 dola hiyo ilijenga kambi ya kijeshi yenye ngome katika Basoko, kusudi izuie wafuasi wa wafanyabiashara kutoka mashariki wasizidi kuteremka mto.

Athari ya historia hiyo ingali inasikika. Lingala, iliyoenea pamoja na majeshi na meli za mtoni, ndiyo inayotawala katika Basoko. Kadiri mtu anavyopanda mto kuelekea Kisangani ndivyo Kiswahili kinavyozidi kusikika, na katika mji huo lugha zote mbili hutumika sokoni na majumbani. Kwa hiyo chakula kimoja hupata majina mawili au matatu katika safari moja ya mtumbwi. Majani ya muhogo yaliyotwangwa ni pondu kwa wasemaji wa Lingala, ni sombe kwa Waswahili wa mashariki ya Kongo, na ni kisamvu kwa Watanzania. Kambare ni ngolo. Makaa yanayouzwa sokoni ni makala. 

3. Kuujenga moto

Msingi wa moto wa nganda ni ule ule wa Afrika nzima: mafiga matatu. Methali isemayo kwamba figa moja haliinjiki chungu huchukuliwa kwa kawaida kuwa ni mafunzo juu ya ushirikiano, lakini ina ukweli wa kiufundi pia. Vitu vitatu husimama imara hata juu ya ardhi isiyo sawa, jambo ambalo vitu vinne hushindwa. Zaidi ya hayo, mafiga matatu huacha milango mitatu. Kuni huingizwa kwa ncha kupitia milango hiyo, na mpishi huongeza moto kwa kuzisukuma ndani na huupunguza kwa kuzivuta nje. Huo ndio ufunguo wa moto wa nganda, na haugharimu kitu.

Fungu za mchanga hazina mawe. Hapo wavuvi hutumia vipande vya udongo wa kichuguu, ambao umekwisha kushikamana kwa kazi ya mchwa na hustahimili joto vizuri. Mawe yaliyookotwa majini hayafai kutumiwa papo hapo, kwa maana maji yaliyojificha katika nyufa zake hugeuka mvuke, na jiwe huweza kupasuka kwa kishindo na kumjeruhi aliye karibu. Wavuvi wanaolala mtoni hutandaza udongo ndani ya mtumbwi na kuwasha moto juu yake, nao mtumbwi wa mti hauungui.

Kuni nazo zina adabu yake. Ukuni mbichi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake kwa kuyakausha maji yaliyomo ndani yake, na matokeo yake ni moshi mwingi na chakula kinachochelewa. Kwa sababu hiyo kuni za kesho hupangwa leo karibu na moto ili zikauke. Vijiti vyembamba hutoa mwale wa haraka. Magogo ya mti mgumu hutoa makaa yanayodumu. Mpishi hodari huanza na vijiti, kisha huacha magogo yafanye kazi.

4. Moto wa mwale: kuinjika na kutokosa

Mwale unafaa kwa sufuria yenye maji. Humo hutokoswa ndizi za kupika na muhogo, na humo hupikwa pondu. Ndizi zilizoiva kwa kutokoswa zikipondwa kinuni huwa lituma, chakula kinachopendwa sana katika Kisangani na vijiji vya jirani. Ladha ya lituma hutegemea kutwangwa kukiwa bado kuna moto. Ndizi iliyopoa huwa ngumu na yenye mabongemabonge.

Pondu inahitaji maelezo zaidi, kwa kuwa hapa utamu na usalama vinakwenda pamoja. Majani na mizizi ya muhogo yana kemikali iitwayo linamarini. Jani linapotwangwa, chembe zake huvunjika, kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa hukutana na kemikali hiyo, na sianidi hutolewa. Sianidi hiyo ni sumu, lakini ni nyepesi kuruka: huchemka katika joto la nyuzi 26 tu za Selsiasi. Kwa hiyo majani yakitwangwa barabara, kisha yakachemshwa kwa muda mrefu katika sufuria iliyo wazi, sumu huondoka pamoja na mvuke. Mpishi anayefunika sufuria mapema ili kuokoa kuni huubakiza uchungu ambao mafuta ya mawese hayawezi kuuficha. Desturi ya kutia mawese, samaki wa moshi na pilipili baada ya majani kuchemka vya kutosha ina maana yake: kwanza uchungu uondoke, ndipo utamu uingizwe.

Kwa upande wa mizizi ya muhogo mchungu, haraka ina gharama kubwa zaidi. Mizizi hiyo hulowekwa majini kwa siku kadhaa hadi ilainike, kisha hupondwa, hufungwa majanini na kupikwa kwa mvuke kuwa kwanga. Siku hizo haziwezi kupunguzwa kwa moto mkali. Ugonjwa wa konzo, ambao daktari Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, kusini-magharibi ya Kongo, hupoozesha miguu ghafla, na aliyepooza hapati kupona kabisa. Huhusishwa na ulaji wa muhogo mchungu ambao haukulowekwa vya kutosha, hasa kwa watu wasiopata protini, na huzuka zaidi nyakati za njaa, ukame na vita, watu wanapolazimika kukatiza hatua. Kwa jamii za mtoni, samaki aliyewekwa kando ya kwanga ni kitoweo na ni kinga pia.

5. Moto wa makaa: liboke

Chakula kinachoitambulisha nganda kuliko vyote ni liboke. Neno hili limetoka Lingala, na maana yake ya msingi ni furushi. Kisarufi limeingia katika Kiswahili bila taabu. Kiambishi li-, ambacho katika Lingala huonekana kwenye nomino yenyewe, katika Kiswahili kimebaki kama kipatanishi cha ngeli ya tano; hivyo msemaji husema liboke limeiva, na katika wingi maboke yameiva, kana kwamba neno hilo lilizaliwa humo.

Jani la kufungia ndilo nusu ya ladha. Linalopendelewa ni jani pana la msituni la jamii ya Marantaceae, hasa lile ambalo wataalamu wa mimea huliita Megaphrynium macrostachyum. Ni jani laini, gumu kupasuka, lisilo na uchungu. Likikosekana, jani la mgomba hutumika, lakini sharti kwanza libabuliwe, yaani lipitishwe juu ya mwale kwa upesi mpaka linyauke na kung'aa. Lisipobabuliwa hupasuka kwenye mikunjo na kumwaga mchuzi.

Samaki huparuliwa magamba, hutolewa matumbo na kukatwa vipande. Huchanganywa na chumvi, kitunguu, nyanya, pilipili na mawese kidogo. Katika misitu ya Tshopo kuna pia mti uitwao kitaalamu Scorodophloeus zenkeri, ambao gome lake linanukia kama kitunguu saumu, na gome hilo hutiwa katika vyakula kama kiungo. Majani matatu au manne hupangwa kwa kupishana, samaki huwekwa katikati, pembe hukusanywa juu na kufungwa kwa ukamba. Liboke haliwekwi motoni wakati mwale unapanda. Husubiriwa mpaka kuni zigeuke makaa mekundu yenye vazi jembamba la jivu. Ndipo furushi hulazwa juu yake au pembeni yake, likageuzwa mara moja au mbili.

Je, kwa nini jani haliteketei lote? Maadamu kuna maji ndani ya furushi, joto la ndani haliwezi kupanda sana zaidi ya nyuzi 100, kiwango cha kuchemka kwa maji. Jani la nje huungua na kuwa jeusi, lakini la ndani hubaki na unyevu na hulinda chakula. Ndiyo maana samaki wa liboke ana nyama laini na mchuzi wake mwenyewe, na hana ganda la kahawia kama samaki wa kuchoma. Ganda hilo huanza kujitengeneza vizuri joto linapofika karibu na nyuzi 140. Liboke, kwa hiyo, ni njia ya nne iliyo kati ya kuchemsha, kuoka na kuchoma: hupika kwa mvuke wa chakula chenyewe, huku jani na moshi vikitia harufu. Baganda wana luwombo, kitoweo kifungwacho katika jani la mgomba na kuivishwa kwa mvuke wa sufuria. Fikra ni moja, lakini luwombo hauguswi na kaa, na hapo ndipo ladha zao zinapotengana.

Dalili ya kuiva hutambuliwa kwa sikio. Mchuzi ulioanza kuchemka hulia ndani ya furushi. Mlio huo ukififia, maji yanakaribia kwisha na liboke halina budi kuondolewa, la sivyo samaki ataungua.

6. Moto wa jivu: kuvumbika

Baada ya makaa kufifia, jivu la moto hubaki na joto kwa saa nyingi, kwa kuwa jivu halipitishi joto upesi. Kitenzi cha Kiswahili kwa matumizi yake ni kuvumbika. Ndizi za kupika na viazi vitamu huvumbikwa pamoja na maganda yake, na ganda hufanya kazi ile ile ya jani la liboke. Moto wenyewe pia huvumbikwa: kijinga hufunikwa jivu usiku, na alfajiri huchokolewa na kupulizwa, moto ukarudi bila kiberiti. Katika nganda ambayo mvua hunyesha ghafla, kazi hii ndogo huamua kama wavuvi watakula kabla ya kutega nyavu.

Jivu lilikuwa na manufaa mengine zaidi. Kabla ya chumvi ya dukani kufika kwa wingi, watu wa bonde la Kongo walichoma mimea ya majini, wakachuja jivu lake kwa maji na kuyachemsha maji hayo mpaka chumvi ikabaki. Chumvi hiyo ina potasi nyingi kuliko ya bahari, na ladha yake ina ukali wa namna yake.

7. Moto wa moshi: kubanika

Samaki asiyeliwa siku ile lazima abanikwe. Hapa nganda inahama kutoka kwenye mlo na kuingia katika uchumi wa nyumba, maana samaki wa moshi ndiye anayesafiri mpaka soko la Kisangani na kurudi akiwa karo ya shule, chumvi na sabuni. Samaki hupasuliwa na kupangwa juu ya chanja ya vijiti iliyoinuliwa juu ya moto. Sehemu kubwa ya uzito wa samaki mbichi ni maji, na bakteria huhitaji maji hayo ili waongezeke. Joto huyapunguza, nao moshi huacha juu ya nyama kemikali za jamii ya fenoli, ambazo huzuia uozo na ndizo zinazotoa harufu inayofahamika.

Kosa la kawaida ni kuharakisha. Moto mkali huifunga ngozi ya samaki huku ndani kukiwa bado kubichi, na siku ya tatu samaki huyo hunuka. Aidha, mafuta yanayodondokea mwaleni huungua na kurudi juu kama masizi yenye kemikali zinazodhuru afya. Moto wa kubanikia sharti uwe mdogo, wa kuni ngumu, wenye moshi mwembamba na wa muda mrefu. Samaki aliyekwisha kukauka huwekwa mahali pa juu penye moshi ili wadudu wasimtoboe.

8. Gharama ya moto

Ingekuwa upotofu kuusifu moto wa kuni bila kutaja madhara yake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majikoni ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani. Katika nganda moto huwaka mahali pa wazi na upepo wa mto huuchukua moshi, lakini moto uo huo ukiingizwa katika nyumba isiyo na madirisha huwaumiza wanawake na watoto kwanza. Jiko la mafiga likae nje au chini ya paa lililo wazi pande zote, na kuni ziwe kavu. Hayo mawili hupunguza moshi bila gharama.

Mjini Kisangani moto wa kuni umeachia nafasi makala na mbabula, yaani jiko dogo la chuma. Makala hayana moshi mwingi, lakini tanuri la kienyeji la udongo hula kati ya kilo 5 na 10 za kuni ili litoe kilo 1 ya makala, na mzigo huo huangukia misitu iliyo karibu na mji. Huko Yangambi, kati ya Kisangani na Basoko, mahali palipo na kituo cha utafiti wa kilimo tangu mwaka 1933, mradi ulioongozwa na shirika la CIFOR umepanda miti ya mshita kwa ajili ya nishati. Hatua hiyo ni njema, lakini haiondoi haja ya ujuzi wa mpishi. Anayejua kuvuta ukuni nje chungu kikishachemka huokoa msitu kila siku.

9. Hitimisho

Imeonekana kwamba upishi wa nganda ni maarifa yenye mpangilio. Chungu huinjikwa juu ya mwale na kuipuliwa, jani hubabuliwa, liboke hulazwa juu ya kaa, ndizi huvumbikwa katika jivu, na samaki hubanikwa kwa moshi. Kila kitenzi kati ya hivi kinabeba ndani yake kiwango cha joto, muda na umbali kutoka motoni. Msemaji anayeyafunika yote kwa neno kupika au kuchoma hupoteza maelekezo yaliyokuwamo katika neno lenyewe.

Vitenzi vya pwani na nomino za mtoni havishindani. Liboke halina jina la pwani linalolitosha, na kubanika ni kitenzi kinachofaa kabisa kwa kazi ya mvuvi wa Aruwimi. Mwalimu wa Kiswahili katika Tshopo anayo hapa nafasi ya kuwafundisha wanafunzi lugha sanifu kwa kutumia moto wanaoujua, na mwanafunzi anayo nafasi ya kukusanya kwa wazee wake majina ya majani, kuni na samaki kabla mbabula haijayasahaulisha. Kamusi inayokosa maneno hayo haijakamilika, na jikoni mwa nganda yangali yanatumika kila jioni.